Hodi ya Fisi Mlangoni kwa Muhanga

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo Fisi alikuwa na ghala na watu wakimwamkia shikamoo kwa ajili ya hilo ghala, palikuwa na Muhanga mmoja, fundi wa kuchimba. Muhanga mnamjua? Masikio ya punda, pua ya nguruwe, kucha kama majembe. Sura Mungu alimpa kwa haraka, lakini mikono alimpa kwa kutulia.

Nyumba yake ilikuwa chini ya kichuguu kikubwa, vyumba kila upande, sebule ya kupokea wageni, na ubaridi mtamu hata jua likichoma vipi. Katika kachumba cha kando alikaa mpangaji wake, Mama Sange. Usimwite panya, atakung'ata. Sange ni mdogo kama kiganja cha mtoto, pua ndefu ya kunusa mambo ya jirani, na miguu ya nyuma kama ya panzi: ukifumba jicho, hayupo. Alikuwa na mapacha wachanga, bado wananyonya, na kodi yake alilipa kwa kufagia ukumbi.

Basi kiangazi kikakaza. Mchwa wakazama chini kabisa, Muhanga akachimba mpaka akachoka, akalala na njaa. Akaenda kwa Fisi.

"Nikopeshe kumbikumbi wakavu, ndugu yangu. Nitakulipa kapu moja kila mwezi ukiandama."

"Chukua, chukua!" akasema Fisi. "Jirani ni jirani. Weka nyumba rehani tu, basi, ni desturi."

Rehani ni nini? Rehani ni kwamba wewe unashiba leo, na nyumba yako inakaa mdomoni mwa mwenzio mpaka umalize kulipa. Asipofunga meno, unalala vizuri.

Muhanga alilipa. Mwezi wa kwanza kapu, wa pili kapu, roho kweupe. Halafu siku moja anachimba, kach! Ukucha ukagonga jiwe, ukavunjika hadi kwenye nyama. Mwezi ulipoandama alikuwa na nusu kapu tu. Akaiangalia ile nusu, akaona aibu. Akaificha uvunguni, akakaa kimya. Mwezi mwingine ukaja, akakaa kimya zaidi. Watu wakubwa wana ujinga wao: wanadhani deni ni nyuki, ukitulia litakupita.

Asubuhi moja Mama Sange alikuwa ananyonyesha, akasikia sauti nje.

"Hodi!"

Akaitambua. Sauti nene, kicheko kimekaa ndani yake.

"Hodi hapa!"

Akasubiri mwenye nyumba aitikie. Kimya jii.

"Hodi kwa mara ya tatu, wenyewe!"

Mama Sange akatoka mbio kwenda sebuleni. Lo! Akamkuta Muhanga kageuza makalio mlangoni, anasukuma udongo kwa miguu ya nyuma, fwaa! fwaa! Mlango umezibwa ndi, hata sindano ya mwanga haipiti.

"Baba Muhanga, unafanya nini?"

"Shhh! Sipo."

"Hupo vipi, na mimi nazungumza na nani?"

"Fisi yuko nje, mama. Lakini usiogope, mimi najua adabu. Mtu akipiga hodi tatu asiitikiwe, huondoka zake. Ndivyo tulivyolelewa."

Kweli, ndivyo. Hata nyinyi ndivyo mlivyolelewa, wale mliolelewa. Mgeni hupiga hodi tatu, kukiwa kimya hugeuza njia. Tatizo ni kwamba mwenye kudai si mgeni.

Nje Fisi akacheka. "Umesikia, dalali? Hodi tatu, hakuna jibu, na mlango umezibwa. Nyumba imehamwa!"

"Nimesikia," ikajibu sauti kavu ya Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa, dalali wa pori zima. "Mwezi ukiandama nitapiga ngoma ya mnada hapahapa."

"Na vilivyomo ndani?"

"Ni vya atakayeichukua nyumba."

"Kuna kisange humo, na vitoto. Unavitafuna kama karanga! Hi-hi-hi-hiii!"

Mama Sange akatazama upande wa kachumba chake, akawasikia wanawe wakilia nyii, nyii. Nje ni kiangazi, hakuna nyasi ya kumficha hata panzi. Ahamie wapi na wachanga wawili mgongoni?

Akamgeukia Muhanga. "Umesikia wewe? Kumbe kuziba mlango ndiko kuhama!"

"Sikujua, mama."

"Ulimwuliza nani hata ujue? Una nini cha kulipa?"

Muhanga akaingiza mkono uvunguni, taratibu, kama mtu anayetoa kitu alichoiba. Nusu kapu.

"Nawe umekaa nayo!"

"Nipeleke nusu nichekwe?"

"Bora uchekwe una mlango, baba, kuliko usitiriwe uko juani."

Muhanga akaanza kulia. Mama Sange hakuwa na muda wa machozi ya mtu mwenye masikio makubwa namna ile. Akachukua ukufi wa kumbikumbi, akafunga kwenye jani, akapenya kwa kishimo chake cha nyuma, huyoo, mbio mpaka kwa Fisi.

Fisi alikuwa barazani kwake anatafuna gamba la kobe. Jaani, nyuma ya nyumba, mifupa ilikuwa imerundikwa hadi madirishani.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Nimeletwa na Baba Muhanga. Huu ni mwanzo tu, nyumbani kuna nusu kapu. Ukucha umemvunjika, anaomba alipe kidogokidogo. Onja uone, ni kumbikumbi wazuri."

Mnadhani alionja? Fisi aliruka nyuma kama aliyewekewa kaa la moto, puu! Akaangukia gamba lake la kobe. Akafumba mdomo, akasemea puani.

"Ondoa! Sitaki nusu, sitaki robo, sitaki hata kunusa! Yote, au nyumba!"

"Punje moja tu, mzee."

"Ondoaaa!"

Mama Sange akachukua jani lake, akarudi nyuma, anafikiri, pua inamcheza. Fisi kakataa kula! Fisi huyu, aliyekula ngozi ya ngoma harusini huku ngoma inapigwa! Wajukuu, kilema akikataa mkongojo ana sababu, na fisi akikataa kula, chungulia nyuma ya sahani.

Akapiga moyo konde, akaenda kwa Hondohondo.

Akamkuta dalali amesimama kando ya mti wake, ngoma kwapani. Mkewe alikuwa ndani ya shimo la mti ameatamia, na mlango umekandikwa udongo, kama wafanyavyo hondohondo wote.

"Hodi!" akasema Mama Sange.

"Karibu, mwanangu, karibu!" akaitikia mke kutoka ndani, mdomo wake ukichungulia kwenye upenyo. "Habari za watoto? Wanaota meno?"

"Salama, mama. Ehe, Mzee Hondohondo! Wewe ulisema mlango uliozibwa ni nyumba iliyohamwa. Mkeo je, kahama?"

Hondohondo akanyanyua shingo. "Mke wangu ameziba mlango, hakuziba mdomo. Umemsikia anavyoitikia hodi. Udongo hauhamishi mtu. Kimya ndicho kinachomhamisha."

"Sasa nifundishe. Kwa nini Fisi anaogopa kuonja kumbikumbi wake?"

Dalali akaweka ngoma chini.

"Unajua," akasema, "nimepiga ngoma milango mingi. Wote hujificha, wote hulia. Hakuna aliyewahi kuja kuniuliza sheria kabla ya siku yenyewe. Haya, sikiliza. Mdai akionja malipo, yawe nusu au ukufi, ngoma inalala. Huwezi kunadi nyumba ya mtu unayekula mkononi mwake. Hapo wakae chini, wapange upya, mdaiwa alipe kadiri anavyoweza."

"Asipoonja?"

"Basi mwezi ukiandama husimama mlangoni, hutamka mwenyewe kwa mdomo wake, 'Nadai, sijaonja hata punje.' Akishatamka, napiga. Ti! Imekwisha."

"Na Fisi hataki kumbikumbi."

"Fisi alikula kumbikumbi lini kwa mapenzi? Ghala lake limejaa chakula asichokipenda."

Hapo Mama Sange akaelewa, nanyi mwelewe. Mtu akikukopesha asichokula yeye, jua kuna kingine anachotaka kula.

Akarudi nyumbani miguu haigusi chini. Kufika kwenye kile kishimo cha nyuma, akamkuta Mbweha kalala kifudifudi, anaongea kwa sauti ya asali. Mbele yake kuna bonge la udongo mbichi. Na kutoka kishimoni umetokeza mkono wa Muhanga, ukucha mzima umenyooshwa.

"Bonyeza ukucha hapa tu, kaka, ndiyo sahihi yako," Mbweha anasema. "Nyumba iwe yangu kwa jina. Fisi akija atakuta si yako, ataondoka. Kisha nakurudishia. Mimi huwa naokoa nyumba za watu, ndiyo kazi yangu."

"Mungu akubariki," Muhanga anasema ndani, ukucha unashuka, unashuka...

"Kwani wewe unalala wapi, Mbweha?" akauliza Mama Sange.

Mbweha akageuka. "Mimi? Aa... popote."

"Umeokoa nyumba zote hizo, huna mtu hata mmoja wa kukukaribisha walau uani?"

Kabla hajajibu, Mama Sange karukia mkia, kauma, nga! "Uwiii!" Mbweha akaondoka nduki, vumbi likabaki linamtafuta. Mama Sange akaukanyagakanyaga ule udongo mpaka ukawa uji.

"Baba Muhanga, zibua mlango."

"Nitaonekana."

"Ndiyo dawa yenyewe. Zibua, na uniazime chungu chako kikubwa. Kisha twende jaani kwa Fisi tukaokote mifupa. Mimi siwezi kubeba hata ubavu wa sungura. Wewe una mgongo."

"Niende kwa Fisi? Mwenyewe?"

"Aibu yako, mzigo wako. Wanangu hawawezi kukubebea."

Muhanga akazibua mlango, fwaa! fwaa! Mwanga ukaingia, akapiga chafya. Akaenda anachechemea, masikio yamelala. Njiani Nungunungu akamwamkia. "Baba Muhanga! Tulidhani umehama. Nyumba ile si ina vyumba vitupu? Sisi tunalala kwenye mizizi, kiangazi hiki kinatuua."

Muhanga akataka kupita kimya, kama kawaida yake. Mama Sange, aliyekaa juu ya sikio lake, akalivuta.

"Vipo," akasema Muhanga. "Lakini... nina deni. Ukucha umevunjika, sichimbi."

"Mbona sisi tuna kucha?" akasema Nungunungu. "Tupe vyumba, tukuchimbie kumbikumbi wa kulipia deni."

Muhanga akakubali papo hapo. Yote hayo yangemfika mapema kama angesema mapema. Lakini tuendelee, chungu kinasubiri.

Waliokota mifupa, Fisi akiwa amelala anakoroma kwa raha ya nyumba isiyo yake bado. Wakaichemsha kutwa, ikatoa mafuta, ikatoa uboho, mpaka ikawa mchuzi mzito wa kusimamisha mwiko. Ile nusu kapu Muhanga akaitwanga kinuni, twi! twi! twi! ikawa unga laini. Mama Sange akaumimina wote chunguni, akakoroga, akafunika.

Mwezi ukaandama. Kesho yake asubuhi, hao, wakaja. Hondohondo mbele na ngoma. Fisi nyuma, na mdomo wake, msicheke, umefungwa kwa kamba ya mkonge, mizunguko kwa mizunguko! Maana Fisi alikuwa mwovu, lakini alikuwa anajijua. Ni wengi hawana hata hilo.

"Hodi!" akaita Hondohondo.

"Karibu! Karibuni sana! Karibuni kitako!" Muhanga huyo mlangoni, masikio juu, katandika mkeka. Nyuma yake Nungunungu na wake zake, miiba imechanwa vizuri.

Fisi akatoa macho. "Mm? Mm-mm?"

"Hodi imejibiwa," akasema Hondohondo. "Mlango wazi. Nyumba haijahamwa."

"Mm! Mmm-mm!" Fisi akaonyesha kidole tumboni mwake, kwamba hajaonja kitu.

"Ni kweli, deni lipo. Basi tamka, mdai. Kwa mdomo wako."

Fisi akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuona kapu, hakuona punje ya kumbikumbi. Akafungua kamba mzunguko mmoja, mwingine, mpaka ikaanguka. Akavuta pumzi.

"Nadai!"

Hapo hapo Mama Sange, aliyekuwa amekaa juu ya mfuniko, akauruka na kuusukuma kwa miguu yote miwili. Kwangaa! Mvuke ukatoka, ukamzunguka Fisi puani kama shela ya bibi harusi.

"Nadai, si... sija..." Udenda ukaanza, tiri, tiri, tiri. "Sija... Jamani, ni nini hicho?"

"Usijali, mzee," akasema Mama Sange. "Ni mchuzi wa mifupa wa wapangaji. Wewe tamka, uchukue nyumba. Tutakula ukishaondoka."

"Mifupa ya nini?"

"Mchanganyiko. Una uboho."

"Sija... sijao..." Fisi akaushika mdomo wake kwa mkono. Mkono ukaloa. Akageuza kichwa upande wa pili, pua ikabaki huku huku. "Sijaooo..."

"Mwaya, Mama Nungunungu, lete upawa, kinapoa," akasema Mama Sange. "Mfupa huu wa paja niwape watoto?"

"AKA!" akanguruma Fisi. Chubwi! Kichwa chunguni. Ikasikika fyu, fyu, fyonz, kororo, na mkia unapunga juu. Hondohondo kasimama, mkono wa ngoma uko hewani. Muhanga kashika masikio yake. Mama Sange hakupumua mpaka aliposikia ulimi unakwangua kitako cha chungu.

Fisi akatoa kichwa, uso unang'aa mafuta.

"Lo, mtamu! Sijawahi! Umeungwa na nini huu?"

"Na deni lako, mzee," akasema Mama Sange. "Nusu kapu kamili, iliyotwangwa. Mifupa nayo ni ya kwako, tuliokota jaani. Karibu tena."

Fisi akapiga kelele mpaka kichuguu kikadondosha vumbi. "Nimedanganywa! Dalali, piga ngoma!"

"Umekula au hukula?"

"Nimekula, lakini..."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, lakini..."

"Mimi ngoma ya 'lakini' sina," akasema Hondohondo, akaitia kwapani. "Mdai ameonja, ngoma imelala. Kaeni chini mpange."

Wakakaa mkekani. Fisi amenuna, anajiramba sharubu kwa siri. Ikapangwa: kapu dogo kila mwezi, mpaka ukucha wa Muhanga uote, kisha kapu kubwa mpaka deni liishe. Na Fisi hana ruhusa ya kukataa, ni lazima aonje mbele ya dalali.

Basi kina Nungunungu walichimba, Mama Sange akafagia ukumbi, mapacha wakaota meno wakaanza kung'ata wapangaji. Kila mwezi ukiandama Fisi alikuja, akapiga hodi, na nyumba nzima, mpaka vitoto, ikaitikia "Karibuuu!" kwa sauti ya kumchoma roho. Akatafuna kumbikumbi wake kavukavu huku kakunja uso, akiuliza kila mara kama leo hakuna mchuzi.

"Hakuna," Mama Sange humwambia. "Mchuzi ulikuwa wa mwaliko."

Nanyi mkikua mkawa na nyumba na deni, shikeni hili moja: mwenye kudai akipiga hodi, fungua mlango mapema ukaseme naye, maana fisi huingia kwa aliyejifungia.